Lita sita zilizopotea: jinsi bia ilivyoanza kupimwa ikiwa njiani

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sheria ya ushuru ya Uingereza ilikubali kwamba katika kila lita 100 za maji matamu ya kimea yaliyoandaliwa kiwandani, lita 6 zisitozwe kodi. Hizo zilihesabiwa kuwa zimepotea kabla bia haijafika kwa mnywaji. Zilipotelea wapi hasa, sheria haikuuliza. Nyingine zilibaki kwenye masalia ya chachu, nyingine kwenye chujio, nyingine zilisukumwa kwenye mtaro pamoja na maji ya kuoshea mabomba.

Kasoro haikuwa uvivu wa wapika bia. Tangu zamani, kinywaji hiki kilipimwa kikiwa kimetulia: mtungini, pipani, tangini. Hasara nayo hutokea kikiwa njiani, na kwa muda mrefu hapakuwa na chombo cha kukifuata huko.

Si kwamba ujuzi wa kupima ulikosekana. Katika miaka ya 1760 kijana mmoja wa mji wa Alton, James Baverstock, alianza kutumia haidromita, chombo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika, ili ajue sukari iliyomo katika maji ya kimea. Alikitumia kwa siri, kwa sababu baba yake hakutaka kuona mambo mapya katika kazi ya familia. Alipompelekea ujuzi huo Samuel Whitbread, mmoja wa matajiri wa bia wa London, hakusikilizwa. Henry Thrale, mwenye kiwanda kingine mjini humo, ndiye aliyemuunga mkono. Mwaka 1784 John Richardson wa Hull alichapisha kitabu juu ya chombo cha aina hiyo, akakiita sakaromita.

Matokeo ya vipimo hivyo yalitikisa biashara. Wapika bia waligundua kwamba kimea cha kahawia, kilichopendwa kwa bei yake ndogo, kilitoa sukari kidogo mno kikilinganishwa na kimea cheupe kilichouzwa ghali. Waliodhani wanabana matumizi walikuwa wakinunua hasara.

Serikali nayo ikajifunza. Mwaka 1880 waziri mkuu William Gladstone alifuta kodi ya kimea, ushuru ukaanza kutozwa kwa kupima wingi na uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Chini ya utaratibu huo ndipo msamaha wa asilimia 6 ulipofanya kazi. Aliyepoteza pungufu ya hapo alipata faida, aliyepoteza zaidi alilipia ushuru bia ambayo hakuiuza. Mwaka 1993 Uingereza iliuacha utaratibu huo, ikaanza kutoza bia iliyo tayari kutoka kiwandani.

Chombo cha kupima kimiminika kinachotembea kilikuja kwa njia ndefu. Januari 1832 mwanasayansi Michael Faraday aliteremsha mabamba ya shaba katika mto Thames, kwenye daraja la Waterloo, akayaunganisha kwa waya. Alitaka kuona kama maji ya mto, yakipita katika usumaku wa dunia, yatazaa umeme unaopimika. Hakupata jibu la kuaminika, lakini kanuni yake ilikuwa sahihi. Miaka ya 1930 Alexander Kolin aliitumia kupima mwendo wa damu, na mwaka 1941 mtawa wa Uswisi, Bonaventura Thürlemann, alichapisha utafiti wa kuitumia katika mabomba. Mwaka 1952 mita za namna hiyo zikaanza kuuzwa Uholanzi.

Bia na mita hiyo vilifaana sana. Mita za zamani zilikuwa na mapanga yanayozungushwa na kimiminika, na penye mapanga uchafu hupata pa kujificha. Mita ya sumaku ni kipande cha bomba kilicho wazi ndani: koili za nje huweka usumaku, vipande viwili vya chuma ukutani husoma umeme. Inahitaji tu kimiminika kinachopitisha umeme, na maji, maji ya kimea na bia vyote hupitisha.

Ila mita haimfanyii mtu kazi ya kufikiri. Maji ya kimea yanayochemka hupungua ujazo kwa takriban asilimia 4 yakipoa hadi nyuzijoto 20. Anayeyapima ya moto na kuyalinganisha na ya baridi ataona wizi usiokuwepo. Bomba lisipojaa, au gesi ikijitenga na bia ikawa povu, mita itahesabu hewa kuwa bia.

Mwaka 1977 ilianzishwa Marekani kampuni ya Micro Motion, iliyotumia kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835. Mita yake hutikisa mirija na kusoma jinsi kimiminika kinavyoipinda inapotetema. Hupima uzito unaopita, na pia jinsi kimiminika kilivyo kizito kwa ujazo wake. Faida yake huonekana pale maji yanaposukuma bia ya mwisho bombani: mita hutambua mahali bia inapokoma na maji yanapoanza, vali ikageuzwa wakati huohuo. Zamani fundi alitazama kwa macho au alihesabu dakika, na kwa kuhofia kuchanganya maji na bia, alimwaga bia nzuri.

Bia inayomwagwa haiendi peke yake. Imebeba shayiri ya mkulima, moto uliochemsha na maji yaliyotumika, nayo ikifika mtoni huozea humo na kula oksijeni ya samaki. Viwanda vyenye nidhamu leo hutumia takriban lita 3 hadi 4 za maji kwa lita moja ya bia, na kuweka mita kila hatua, si moja mlangoni, husaidia kufika hapo. Katika miji yetu, ambako mgawo wa maji ni jambo la kawaida, kila kiwanda kinachokunywa kutoka chanzo kimoja na wananchi kinadaiwa hesabu hiyo: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na tofauti ilikwenda wapi.