Udhibiti wa kisima cha mafuta na gesi

Udhibiti wa kisima ni jumla ya kanuni, vifaa na taratibu zinazotumika wakati wa kuchoronga kisima cha mafuta au gesi asilia, ili kuzuia mafuta, gesi au maji yaliyomo katika miamba yasitoke ovyo. Kisima kikishindwa kudhibitiwa hufumuka: gesi hupanda kwa nguvu, na cheche moja yatosha kuiwasha.

Kanuni ya shinikizo

Kinga ya kwanza ni tope la uchorongaji. Husukumwa na pampu kupitia ndani ya mabomba hadi kwenye keekee, kisha hurudi juu likibeba vipande vya mwamba. Uzito wake hukandamiza miamba. Shinikizo lake chini ya kisima ni densiti × mvutano wa dunia × kina. Kwa mfano, katika kina cha mita 3,000, maji matupu (kilogramu 1,000 kwa mita ya ujazo) hutoa takriban megapaskali 29.4, tope la kilogramu 1,200 hutoa takriban 35.3. Ikiwa gesi ya mwamba ina megapaskali 32, maji hayatoshi, lakini tope hilo latosha.

Tope huongezwa uzito kwa unga wa madini ya bariti. Hata hivyo, likizidi uzito hupasua mwamba na kupotelea humo. Kimo chake kikishuka kisimani, shinikizo hupungua, na gesi hupata nafasi ya kuingia.

Dalili za hatari

* Tope linalorudi ni jingi kuliko linaloingizwa, au matangi yanajaa.
* Tope linaendelea kutoka ingawa pampu zimesimamishwa.
* Keekee inaanza ghafla kukata mwamba kwa kasi zaidi.

Vifaa

Kinga ya pili ni kizuia mfumuko, yaani rundo la valvu kubwa juu ya mdomo wa kisima. Valvu ya mpira hubana bomba pande zote. Nyingine huwa na vyuma viwili vinavyokutana, na baadhi huweza kukata bomba. Aina ya vyuma viwili ilibuniwa Marekani mwaka 1922 na James Abercrombie na Harry Cameron. Mitungi yenye mafuta ya haidroliki yaliyobanwa kwa nitrojeni huwezesha kufunga hata pampu zikizimika.

Kisima kikishafungwa, wachorongaji husoma shinikizo, huiondoa gesi polepole kupitia valvu ya kupunguzia, kisha hujaza tope zito zaidi. Gesi lazima iachwe itanuke inapopanda. Ikizuiwa, huleta juu shinikizo la chini.

Mafunzo

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Watu 11 walikufa na mafuta yalivuja kwa siku 87. Matokeo ya jaribio la shinikizo yalitafsiriwa vibaya, na kizuia mfumuko hakikuziba kisima.

Tanzania

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo (Kilwa) mwaka 1974 na Mnazi Bay (Mtwara) mwaka 1982. Tangu mwaka 2010 imegunduliwa pia katika kina kirefu cha bahari, ambako kizuia mfumuko hukaa kwenye sakafu ya bahari. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), inayosimamia utafutaji na uzalishaji Tanzania Bara.