Daftari la Wahandisi na Bonde la Ufa

Reli ilipoteremka katika Bonde la Ufa, ikapita Nakuru na kuwasili Kisumu mwaka 1901, wahandisi walioijenga chini ya George Whitehouse walikuwa wameletwa kutoka ng'ambo, na dhamana ya ujuzi wao ilikuwa shahada na uanachama wa vyama vya huko Uingereza. Ilikuwa baada ya uhuru, mwaka 1969, ndipo Bunge la Kenya lilipotunga Sheria ya Usajili wa Wahandisi, iliyoweka bodi na daftari, ikaharimisha asiyesajiliwa kujiita mhandisi.

Sheria hiyo ndiyo iliyotawala zama mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulipoanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Ilipofutwa na Sheria ya Wahandisi ya 2011, iliyounda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, usajili na leseni vilipambanuliwa: jina huingizwa daftarini baada ya shahada, mazoezi ya kazi na tathmini, ilhali leseni huhuishwa kila mwaka, kwa sharti kwamba mwenyewe aendelee kutafuta elimu.

Walakini daftari halilindi ila palipo na ukaguzi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipopasuka huko Solai, wilayani Nakuru ya zamani, na watu zaidi ya 40 wakafariki, raia waliuliza nani aliyelisanifu, na kwa idhini gani. Maswali ambayo, kwa haki, yalistahili kuulizwa kabla ya maji kukusanywa.