Kito Kilichosingiziwa

Wapo watu hata leo wasiothubutu kuvaa opali, kwa kuamini kwamba kito hicho huleta nuksi. Warumi wa kale wangaliwashangaa. Plinius Mzee, aliyeandika juu ya mawe katika karne ya kwanza, aliisifu opali kwa kukusanya mahali pamoja moto wa yakuti, zambarau ya amethisto na kijani cha zumaridi. Alisimulia pia habari za Nonius, mjumbe wa baraza kuu, aliyeikimbia ghadhabu ya Marcus Antonius akaacha mali yake yote isipokuwa pete ya opali. Tena aliwaonya wanunuzi kwamba hapana kito kilichoigizwa kwa kioo kwa hila kubwa kuliko hicho.

Sifa mbaya ilikuja baadaye sana, na kwa sehemu kubwa yasemekana ni kosa la wasomaji. Mwaka 1829 Sir Walter Scott alitoa riwaya yake, *Anne of Geierstein*. Ndani yake yumo bibi mmoja mwenye opali nyweleni. Maji yaliyobarikiwa yakakidondokea kito, mng'ao ukazimika, na bibi mwenyewe akatoweka upesi. Mwandishi alitunga hadithi. Wasomaji wakaifanya ushahidi, na bei ya opali katika Ulaya ikaanguka.

Walakini tone lile la maji halikuwa uzushi mtupu. Opali si fuwele kama almasi. Ni silika iliyoshika maji ndani yake, aghalabu asilimia 3 hadi 10 ya uzito wake. Mwaka 1964 wataalamu wa Australia, kwa hadubini ya elektroni, walieleza kwamba opali yenye rangi ni vitufe vidogo mno vya silika vilivyopangika safu juu ya safu, na mpango huo ndio uigawanyao nuru ikatoka kwa rangi nyingi. Ziko opali zenye vinyweleo zifyonzazo maji zikapoteza rangi, kisha zikikauka rangi hurudi. Opali za Wegel Tena, katika Wollo nchini Ethiopia, zilizoingia sokoni tangu 2008, ni mashuhuri kwa tabia hiyo. Basi jambo la kimaumbile liligeuzwa laana.

Australia nayo ilionewa. Ulaya ilikuwa imezoea opali nyeupe, tulivu, za machimbo ya Dubník, zamani Hungaria na sasa Slovakia. Tullie Wollaston alipopeleka opali za Queensland London mwaka 1889, wafanyabiashara walisita kwa kuwa ziling'aa kupita kiasi: uzuri ukawa shahidi wa mshtaka! Hata hivyo hazikuzuilika. Zikafuata za White Cliffs, kisha opali nyeusi za Lightning Ridge. Na mwaka 1915, huko Coober Pedy, mvulana wa miaka 14 aliyefuatana na baba yake katika safari ya kutafuta dhahabu aliokota opali. Machimbo ya Dubník yalifungwa 1922.

Opali nyeusi ndizo zenye bei kubwa, hasa zikiwa na wekundu, kwa sababu weusi wa chini hudhihirisha rangi za juu. Za Mexico hupendwa kwa umachungwa wake hata zisipobadilika rangi. Mnunuzi hana budi kukitazama kito ubavuni: mstari ulionyooka huonyesha kipande chembamba cha opali kilichogandishwa juu ya jiwe jeusi, pengine na kufunikwa kioo. Kuuza kito cha namna hiyo si kosa kikitajwa. Kikifichwa ni wizi. Sonara aulizwe pia kama opali ya Ethiopia imetiwa moshi au rangi ili ionekane nyeusi, na aliyekwisha kuinunua aiepushe na mafuta na manukato.

Plinius alishauri kito kipimwe juani, kwa kuwa kioo kingetoa rangi moja tu. Kipimo hicho hakitoshi tena, kwani tangu 1974 opali zilizotengenezwa na Pierre Gilson hucheza rangi zote. Ila chini ya lenzi madoa yake ya rangi huonekana yamepangika kama magamba ya mjusi.