Maneno ya Kuazima, Sentensi ya Mwenyeji: Funzo la Sarufi ya Kiajemi

Msemaji wa Kiswahili anapoanza kujifunza Kiajemi hudhani kuwa njia yake ni nyepesi. Hukutana na maneno *ketâb*, *mo'allem*, *safar* na *fekr*, na mara hukumbuka kitabu, mwalimu, safari na fikra. Dhana hiyo ina asili yake katika historia, lakini humpotosha, kwani kujua maneno si kujua sentensi.

Baada ya Waarabu kuishinda dola ya Wasasani katika karne ya 7, Waajemi walipokea dini ya Kiislamu, hati ya Kiarabu na maelfu ya maneno. Hata hivyo sentensi yao haikuhama. Kiarabu fasihi aghalabu hutanguliza kitenzi. Kiajemi hukiweka mwisho. Tutazame mfano: *Man ketâb râ kharidam*, yaani, neno kwa neno, "mimi kitabu nilinunua". Neno *ketâb* ni la Kiarabu. Mpango ni wa Kiajemi. Kiambishi *-am* mwishoni mwa kitenzi huonyesha nafsi, kama *ni-* yetu mwanzoni. Neno *râ* nalo huonyesha kuwa kitabu hicho kinajulikana, kazi inayokaribiana na ile ya *-ki-* tusemapo "nilikinunua".

Hali kadhalika, "kitabu cha mwalimu" ni *ketâb-e mo'allem*, na "kitabu kikubwa" ni *ketâb-e bozorg*. Kiungo *-e* hutosha kwa yote mawili, bila ngeli wala upatanisho. Lakini kwa kawaida kiungo hicho hutamkwa tu, hakiandikwi. Mfasiri asiyeijua sarufi hatatambua neno lipi limefungamana na lipi, hata akiwa na kamusi mkononi.

Kwa upande wa vitenzi, Kiajemi hakikulinyambua neno *safar*, bali kililiongezea kitenzi chake *kardan*, "kufanya": *safar kardan*. Kiswahili, kilichoazima kutoka shina hilo hilo, kilisema kusafiri, kisha kusafirisha. Njia ni mbili, kanuni ni moja: mgeni hufuata desturi za mwenyeji.

Mwaka 1935 Iran iliunda Farhangestan, chombo cha kusimamia lugha, ambacho kilibuni istilahi za Kiajemi mahali pa nyingi za kigeni. Kazi hiyo ilihusu maneno. Sentensi ilikuwa imejilinda yenyewe kwa zaidi ya karne 12.

Sisi nasi tumeazima kwa Waajemi. Darubini ni *dur*, "mbali", na *bin*, shina la "kuona": kitenzi mwishoni, kama ilivyo desturi ya Kiajemi. Mpango huo umejificha ndani ya neno, wala haukuigusa sentensi yetu. Basi watungao sheria, nyaraka na vitabu vya shule wasiogope istilahi ya kuazima. La kuogopwa ni sentensi ya kuazima, ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili na msomaji asiielewe.