Daftari la Mwaka 1975

Nyumbani kwetu Sindeni, kwenye barabara ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, kulikuwa na daftari ambalo sote tulizoea kuliita daftari la babu. Babu alikata mkonge Korogwe na alisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo hakuna aliyehoji. Mwaka jana, nikiwa natafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili, nilikaa nalo kwa mara ya kwanza. Kurasa sita za mwanzo zimejaa a, e, i, o, u, herufi kubwakubwa zilizopinda, zinazopanda juu ya mstari na kushuka. Mtu wa darasa la nne haandiki hivyo. Daftari lilikuwa la bibi.

Linaanza Februari 1975. Novemba 1973 Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Babu na bibi walihamishwa mwaka 1974. Nyumba ikasogea barabarani, shamba likabaki kulekule lilikokuwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwandiko wa bibi unapoanza kusomeka, neno linalojirudia kuliko yote ni nguruwe. Nguruwe wamekula mahindi. Nguruwe tena. Mvua zilikuwa zimekosekana katika sehemu nyingi za nchi, serikali ilikuwa ikiagiza nafaka nje, na kijijini watu walikula unga wa njano, ule walioupa jina la yanga. Bibi ameuandika pia, kilo kwa kilo, pamoja na deni la dukani.

Kuhusu babu, daftari lina machache. Mashamba ya mkonge yalikuwa yametaifishwa kwa sehemu kubwa tangu 1967, lakini panga lilikuwa lilelile na miba ileile. Alikuja mwisho wa mwezi. Asipokuja alituma hela kwa kondakta wa basi: shilingi 40, siku nyingine 25, na mara moja bibi ameandika tu “hakuna”.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mtoto mchanga wa mwaka huo. Jino la kwanza limeandikwa, homa imeandikwa, na siku aliyotembea imeandikwa: tarehe 3 Agosti. Shangazi, mtoto wa kwanza, alikuwa na miaka 12, na jina lake halimo hata mara moja.

Agosti hiyohiyo ulifanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo cha watu wazima. Zaidi ya watu milioni 3 waliufanya, wengi wao wakiwa wamefundishwa mchana, baada ya shamba, chini ya mti au katika darasa la watoto waliokwisha kwenda nyumbani. Katika rasimu yangu nilikuwa nimeandika, kwa fahari kidogo, kwamba wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Bibi yumo katika tofauti hiyo. Nilipogundua nilitaka kumpigia kila mtu simu.

Badala yake nilikwenda Korogwe kwa shangazi, kwa sababu kulikuwa na jambo sikulielewa. Pembeni mwa kurasa kuna vistari vya penseli, vimefungwa vitanovitano. Nilivihesabu: 71. Nilidhani ni mahudhurio ya bibi darasani, na nilikwisha kuvipangia aya nzima.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Leta nilione hilo daftari.”

Alilishika juu chini. Shangazi hajui kusoma. Nilipomweleza habari ya vistari alicheka, kisha akanyamaza.

“Hizo siku zangu,” alisema. “Mama alikwenda kusoma, mimi nikabaki na baba yako mgongoni. Akaniambia, nakuandikia, kila siku moja ni deni. Nikimaliza, utakwenda wewe.”

Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Mwaka huo ulipofika, shangazi alikuwa na miaka 14, na waliokuwa wakiandikishwa darasa la kwanza walimfika kiunoni. Hakwenda. Mwaka uliofuata akaposwa.

Nikamuuliza kama lile deni lililipwa.

“Alinipa mbuzi. Jike. Akazaa.” Hakusema zaidi, nami sikuwa na ujasiri wa kumsukuma. Ile aya yangu ya mahudhurio nimeifuta. Msimamizi wangu ameuliza ushahidi wa vistari hivyo ni upi zaidi ya maneno ya mtu mmoja, na ni swali la haki. Nimejibu kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa akidai.

Kabla sijaondoka alitaka nimsomee tena habari za baba. Nilisoma jino, nikasoma homa, nikafika tarehe 3 Agosti.

“Hapo si kweli,” alisema. “Alitembea wiki moja kabla. Mama alikuwa darasani. Sikumwambia, nikamwacha aone mwenyewe.”

Akanitaka nisahihishe. Anayesomea historia hatakiwi kugusa waraka, tulifundishwa hivyo muhula wa kwanza. Nilitoa penseli.