Kondo la Nyuma Lilipata Wapi Gundi Yake?

Unapojifungua, mkunga hungoja kondo la nyuma litoke, kisha hulikagua. Je, unajua lilivyoumbwa?

Upande unaogusa damu yako, seli zake hazikai mojamoja kama matofali. Huungana zikawa utando mmoja usio na kiungo. Chakula na oksijeni humfikia mtoto kupitia hapo, lakini vijidudu vingi hukosa ufa wa kupenya.

Kinachoziunganisha kilijulikana juzijuzi tu. Mwaka wa 2000, watafiti huko Marekani walieleza kazi ya protini iitwayo sinsitini. Ajabu ni asili yake: ilitokana na virusi vilivyoingia katika mbegu za uzazi za viumbe wa jamii ya nyani, zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kabla binadamu hajakuwapo. (Si virusi vya ukimwi, usiogope.) Silaha ya kuvamia seli ikageuka gundi ya kulea mimba!

Hata hivyo, malaria huuweza utando huu. Chembe za damu zenye vimelea hunata juu yake, na mtoto huweza kuzaliwa na uzani mdogo. Ndiyo maana kliniki za sehemu zenye malaria nyingi humpa mama mjamzito tembe za SP baada ya miezi mitatu ya kwanza. Ikiwa unameza Septrin kila siku, mwambie muuguzi kabla hajakupa.