Mkoba wa Msafiri: Mapambo Makavu katika Historia ya Pwani

Msafiri hujulikana kwa mambo mawili: habari aichukuayo na mzigo aufungao. Habari huandikwa vitabuni, lakini mzigo husahauliwa mara ufunguliwapo. Kwa sababu hiyo historia ya safari za pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa pembe za ndovu, dhahabu, watumwa na majina ya masultani kuliko kwa vitu vidogo ambavyo abiria alivitia mkobani kwa ajili ya mwili wake: kijiti cha mswaki, kipande cha sabuni, wanja, unga wa hina, liwa na udi. Vitu hivi huonekana kuwa vya upuuzi. Insha hii yadai kwamba si vya upuuzi hata kidogo. Ndani yake mna elimu ya kusafiri ambayo dunia ya viwanja vya ndege imekuja kuisifu juzi kana kwamba imezaliwa juzi. Tena mna swali la ni nani aliyekuwa na elimu hiyo, na ni nani aliyeilipia.

Kiini cha elimu yenyewe ni chepesi kueleza. Maji ni mzigo: lita moja ina uzito wa kilo moja. Maji humwagika, na kitu chenye maji mengi huharibika upesi, kwa kuwa vijidudu viletavyo uvundo havistawi pasipo maji. Kitu kikavu ni chepesi, hakivuji, nacho chaweza kukaa miezi mingi na kubaki kama kilivyokuwa. Basi msafiri mwenye busara hubeba ile sehemu isiyopatikana kila mahali, na ile ipatikanayo kila mahali huiacha aikute aendako. Hina hubebwa ikiwa unga, ikakandwa kwa maji na ndimu siku ya kupakwa. Liwa hubebwa ikiwa kipande cha mti, ikasagwa juu ya jiwe kwa matone machache ya maji wakati wa kusinga. Dalia nayo hufungwa ikiwa unga wa manjano, ikatiwa maji au marashi inapohitajiwa. Bara nako kanuni ni ile ile: udongo mwekundu wajipakao Wamasai huchukuliwa ukiwa mkavu, na mafuta ya kuuchanganyia hutoka katika mifugo waliyo nayo. Kwa maneno machache: chukua kikavu, maji utayakuta uendako.

Kanuni hii ilikuwa na nguvu zaidi baharini. Majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja kwa pepo za kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarejea kwa kusi. Safari ilichukua majuma kadhaa, na maji matamu yaliyokuwamo chomboni yalikuwa ya kunywa na kupikia, tena kwa kipimo. Nafasi ya mtu mmoja haikuzidi sana mkeka wake na sanduku lake. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri kwa jahazi la Kuwait katika miaka ya 1938 na 1939 kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1940 alieleza jinsi mabaharia walivyokuwa na masanduku yao wenyewe, wakatia humo bidhaa ndogo ndogo za kuuza bandarini kwa faida yao. Sanduku la namna hiyo, litupwalo huku na huku na mawimbi, halikuwa mahali pa kitu kivujacho. Lilitaka kitu kidogo, kigumu na chenye thamani kubwa kuliko uzito wake.

Vitu vya tabia hiyo vimeivuka bahari yetu tangu zamani sana. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari iliyokuwa upande huu wa pwani. Magamba ya ng'amba ndiyo yaliyofanyiwa vitana na vipambo. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri katika bahari ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani hii. Ambari ni kitu kigumu kama nta, kitokacho tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni, na watengenezaji wa manukato waliithamini kwa jinsi inavyoidumisha harufu. Pwani ilipeleka ambari na ng'amba. Ikapokea udi kutoka misitu ya Asia ya mashariki, ubani kutoka kusini ya Arabuni, na wanja.

Haifai kusema kwamba vitu vya majimaji havikusafiri kamwe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi aliyekuwa mwenyeji wake wakamiminiwa marashi ya waridi yaliyotoka Damascus. Tukio hili halivunji kanuni, bali laieleza. Kutoka Damascus hadi Mogadishu ni njia ndefu ya nchi kavu na bahari, na chupa iliyofika salama ilikuwa imeponea mikono mingi. Mgeni alimiminiwa marashi kwa sababu marashi yalikuwa adimu, na yalikuwa adimu kwa sababu ni maji. Maji yalikuwa heshima ya wakuu. Kikavu kilikuwa riziki ya kila msafiri.

Vipo pia vitu visivyoweza kusafiri kabisa, navyo vyatusaidia kuona mpaka wa jambo hili. Kikuba cha asumini, rehani na mkadi hufungwa jioni, na asubuhi kimekwisha kunyauka. Uzuri wake ni wa nyumbani, nao hauna masurufu ya safari. Kwa hiyo mwanamke wa pwani alikuwa na hazina mbili: hazina mbichi ya bustani, iliyomfaa katika mji wake, na hazina kavu ya kasha, iliyoweza kumfuata popote. Aliyeondoka kwao aliacha ile ya kwanza akachukua ya pili.

Lugha yetu yenyewe imekuwa mkoba wa safari hizo. Sabuni, hina, udi, ubani, ambari, miski na zafarani ni maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu, yakishuka chomboni pamoja na vitu vyenyewe. Bweta, yaani kisanduku kidogo cha kuhifadhia vitu vya thamani, ni neno tulilopewa na Wareno. Wanja mweusi tuliuita wanja wa manga, kwa kuwa Manga ni jina la zamani la Arabuni na hasa Omani. Ndivyo tulivyofanya kwa pilipili manga pia, ingawa asili ya mmea huo ni Bara Hindi: jina halikuhifadhi ardhi iliyouotesha bali mkono uliouleta. Mswaki nao umepata ajabu nyingine. Ulikuwa kijiti cha mti uitwao kwa jina hilo hilo, kikitafunwa ncha hadi kikawa brashi. Leo twaita mswaki hata ule wa plastiki uliotoka kiwandani. Kitu kimebadilika, jina halikushuka chomboni.

Hata hivyo si kila kilichokuwa kikavu kilikuwa salama, na mwenye kuandika historia hapaswi kuwa mpiga debe wa mambo ya kale. Wanja umekutwa makaburini mwa Wamisri wa zamani, ambao waliwafungia wafu wao vipambo kwa ajili ya safari ndefu kuliko zote. Lakini wanja wa aina hiyo mara nyingi ulitengenezwa kwa galena, jiwe lenye madini ya risasi, na elimu ya siku hizi imethibitisha kwamba risasi hudhuru mwili, hasa wa mtoto mchanga. Ukavu huhifadhi dawa, nao huhifadhi sumu vile vile.

Sasa yatupasa kuuliza elimu hii ilikuwa ya nani. Mabaharia waliibeba, wafanyabiashara waliiuza, lakini walioijua kwa undani ni wanawake. Kujua liwa njema kwa harufu, kupika vipande vya udi kwa sukari na manukato, kupima dalia, kujua kipi kitiwe kati ya nguo kashani na kipi kichomwe chetezoni: mambo haya somo alimfundisha mwari, na mwari akaja kuwa somo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 mapambo na manukato ya wanawake wa majumba ya kifalme. Ni bahati kwetu kwamba mwanamke mmoja aliandika. Ni hasara kwetu kwamba maelfu waliojua zaidi kwa sababu walisaga kwa mikono yao hawakupata kalamu.

Lakini tusiipake historia marashi. Katika nyumba kubwa za pwani mkono uliosaga liwa aghalabu ulikuwa wa kijakazi. Karafuu, ambayo huweza kutafunwa ili kinywa kinukie na kutwangwa ili ichanganywe na manukato, ilipandwa na kuchumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba kwa kazi ya watumwa. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ila haikuuangusha utumwa. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria ya Zanzibar mwaka 1897, nao masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Basi yule aliyekuwa karibu kabisa na chetezo na jiwe la kusagia ndiye aliyekuwa wa mwisho kufunguliwa. Harufu nzuri ya sebule ilikuwa na jasho la mtu ndani yake, na mwanafunzi atakayehesabu karafuu pasipo kumhesabu mchumaji atakuwa amehesabu nusu.

Katika karne ya 20 viwanda vilileta desturi nyingine. Sabuni ya mche ilipata washindani: sabuni ya maji, shampuu, na krimu za kila namna, zikiwa ndani ya chupa za plastiki. Sehemu kubwa ya shampuu ya chupa ni maji, kwa hiyo mnunuzi alianza kununua, kubeba na kusafirisha kitu ambacho hapo kale alikikuta bure kisimani. Desturi hiyo haikumsumbua mtu hadi tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipotangaza kwamba wamezuia njama ya kulipua ndege ziendazo Amerika ya Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Katika miezi iliyofuata ikawekwa kanuni iliyoenea duniani: katika mzigo wa mkononi, kila chombo cha kitu cha majimaji kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika kifuko kimoja kiangavu cha lita moja. Dawa ya meno na krimu zikahesabiwa kuwa maji. Mche wa sabuni ukapita salama.

Ndipo kikavu kiliporudi kwa shangwe. Shampuu ya mche, iliyokuwa imebuniwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mo Constantine pamoja na mkemia Stan Krysal, ilipata sababu mpya ya kununuliwa. Manukato yakafanywa kama nta, na mafuta ya mwili yakafanywa vipande. Hofu ya taka za plastiki ikaongeza nguvu: Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tangazo kwa wageni lilihitaji kuvisamehe vile vifuko viangavu vya abiria wa ndege, kwa sharti kwamba waondoke navyo. Wala ukavu si ngao ya milele. Tangu mwaka 2018 unga uzidio mililita 350 huweza kuchunguzwa zaidi katika safari za ndege za kwenda Marekani. Na mashine mpya za ukaguzi zimeanza kuilegeza ile kanuni ya maji katika baadhi ya viwanja. Sheria huja na kupita, lakini uzito wa maji haubadiliki.

Hapana ubaya kwa dunia kujifunza upya jambo jema. Ubaya huja pale ambapo mwenye kujifunza upya huitwa mgunduzi, na mwenye kulihifadhi huitwa mshamba. Mama wa Kizanzibari apandaye ndege ya kwenda Muscat kuwaona jamaa zake, akiwa na udi na liwa mkobani, afuata kanuni ambayo bibi zake waliifuata jahazini. Hakuisoma katika tangazo la duka.

Kwa hiyo ipo kazi iliyo mbele yetu, hasa mbele ya wanafunzi wa lugha na historia. Wazee wa kike wangali hai wajuao majina ya manukato, vipimo vyake, namna ya kuyakausha na namna ya kuyafunga kwa safari. Yapasa waulizwe, na maneno yao yaandikwe kwa majina yale yale wanayoyatumia, pamoja na habari za aliyewafundisha na za aliyesaga. Kamusi zetu hueleza liwa kwa mstari mmoja. Mstari huo mmoja ni haba kwa mti uliobebwa, ukasagwa, ukanukia na kurithiwa kwa vizazi vingi; na jiwe lililousaga likikosa mtumiaji, mstari huo ndio utakaobaki.